Mashine ya Kuzungusha Njiwa wa Chambo Inaposumbuliwa na Upepo: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Mashine ya kuzungusha njiwa wa chambo, inayotumiwa na wawindaji wa njiwa, haina mambo mengi ndani yake. Mota ya umeme ya volti 12 hukaa juu ya nguzo, mikono miwili hutoka kwenye kitovu chake, na ncha ya kila mkono hubeba njiwa mmoja aliyekunjua mabawa, awe wa plastiki au njiwa halisi aliyekwisha kuuawa, ili kundi linalopita mbali lione mwendo ule na kuamini kwamba wenzake wanashuka kula. Siku ya utulivu, hata mashine iliyoungwa kwa haraka hufanya kazi hiyo bila malalamiko. Upepo ukishaanza kuvuma, kasoro ndogo zilizokuwa zimejificha hujitokeza zote kwa pamoja: mkono hukwama, njiwa hupinduka, nguzo huyumba, betri huisha kabla ya wakati, na njiwa wa porini, ambao ndio sababu ya shughuli yote, hukata kona wakiwa bado mbali.

Dawa inayokimbiliwa na wengi ni mota kubwa zaidi na betri nzito zaidi. Mwongozo huu una msimamo mwingine: matatizo mengi ya upepo hutokana na mzigo mkubwa usiolingana katika mzunguko, na mzigo huo unapaswa kupunguzwa kwanza kwa kufupisha mikono, kushusha mashine na kusawazisha njiwa, ndipo nguvu ifikiriwe. Mota kubwa inayozungusha mikono isiyolingana haiondoi tatizo, bali hulihamisha kutoka kwenye mota hadi kwenye gia, kisha kwenye nguzo, na mwisho kwenye udongo ulioishikilia nguzo hiyo.

Kinachotokea mkono unapozunguka ndani ya upepo

Nguvu ya hewa dhidi ya kitu chochote huongezeka kwa mraba wa kasi ya hewa inayokipiga. Kasi ikiongezeka mara 2, nguvu huwa mara 4. Kasi ikiongezeka mara 3, nguvu huwa mara 9. Kanuni hii moja inaeleza sehemu kubwa ya yale yatakayofuata, kwa hiyo inafaa kuifanyia hesabu kidogo.

Chukua mashine yenye mikono ya mita 1.5 inayomaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 3 na kitu. Ncha ya mkono husafiri kwa mita 3 kwa sekunde, na hewa ikiwa imetulia kila njiwa hupigwa na hewa ya kasi hiyo tu. Sasa uvume upepo wa mita 6 kwa sekunde, yaani kilomita 22 hivi kwa saa, ambao katika kipimo cha Beaufort ni daraja la 4, upepo unaotimua vumbi na kutikisa matawi madogo. Njiwa anayekwenda kuukabili upepo hupigwa na hewa ya mita 9 kwa sekunde, na nguvu inayomzuia huwa mara 9 ya ile ya siku ya utulivu. Mwenzake wa upande wa pili, anayekwenda pamoja na upepo, husukumwa kutoka nyuma na hewa inayompita kwa mita 3 kwa sekunde, msaada ambao ni mdogo sana ukilinganishwa na kizuizi cha upande ule. Ukiijumlisha mikono yote miwili, mota inavuta mzigo wa mara 4 ya ule iliouzoea.

Robo mzunguko baadaye, mikono huwa imelala sambamba na upepo, mmoja ukiwa joshini, yaani upande unakotoka upepo, na mwingine demani, yaani upande unakoelekea. Hapo, kwa makadirio yanayochukulia kwamba njiwa ana umbo lilelile kutoka kila upande, mzigo hushuka hadi zaidi kidogo ya mara 2 ya ule wa utulivu, kisha hupanda tena. Katika kila mzunguko, basi, mota hubebeshwa na kupunguziwa mzigo mara mbili, na kupanda huko na kushuka ndiko kunakotikisa kila bolti, kila jino la gia na kila sentimita ya nguzo.

Kabla ya kuchunguza dalili yoyote kati ya zinazofuata, ondoa waya mmoja kwenye betri. Mikono ni vyuma vyembamba vinavyopita karibu na kimo cha uso wa mtu aliyeinama, na mashine iliyokwama inaweza kuanza kuzunguka ghafla upepo unapopoa.

Mkono unapunguza mwendo au unakwama unapokata upepo

Hii ndiyo dalili inayoonekana mara nyingi zaidi. Mikono huzunguka vizuri nusu ya duara, kisha mmoja wake unapofika mahali unapokabiliana na upepo uso kwa uso, mwendo huzorota, wakati mwingine husimama kabisa kwa sekunde kadhaa hadi dharuba ipite, halafu mikono huruka mbele kwa pupa. Njiwa halisi haruki hivyo, na macho ya ndege hugundua jambo hilo mapema.

Uchunguzi wake ni mfupi. Ondoa njiwa wote wawili, uache mikono mitupu, kisha uwashe mashine kwa kasi ileile. Mikono mitupu ikiendelea kuzorota, tatizo liko ndani ya mashine: beringi iliyokauka, shafti iliyopinda, au umeme hafifu. Mikono mitupu ikizunguka vizuri, tatizo ni mzigo wa upepo kwenye njiwa. Hapo rudisha njiwa na uzungushe kidhibiti kasi hadi mwisho kwa muda mfupi. Ikiwa kukwama kunatoweka kwa kasi kubwa, kisababishi ni namna kidhibiti kinavyoigawia mota umeme.

Jambo hilo la mwisho linastahili maelezo, kwa sababu halifahamiki vya kutosha. Vidhibiti vingi vya bei nafuu hupunguza kasi kwa kuukatakata umeme, kuuwasha na kuuzima mara nyingi katika kila sekunde, na mota hupokea wastani mdogo zaidi. Njia hiyo inapunguza kasi, lakini inapunguza pia nguvu ya kuzungusha inayobaki mota inapoelemewa. Mashine inayoendeshwa kwa theluthi moja ya uwezo wa kidhibiti haina akiba ya kukabiliana na dharuba, hata kama mota yenyewe ni kubwa. Kasi ndogo inapaswa kupatikana kwa gia, mota ikizunguka karibu na mwendo wake kamili na giaboksi ikiupunguza mwendo huo hadi mizunguko 15 au 20 kwa dakika kwenye shafti ya mwisho. Kidhibiti kibaki kwa marekebisho madogo tu. Ikiwa unanunua au kuunda mashine kwa ajili ya mahali penye upepo, kigezo hiki kina uzito kuliko ukubwa wa mota ulioandikwa kwenye lebo.

Ikiwa mota na gia ni vile vilivyopo na haviwezi kubadilishwa, fupisha mikono. Ukiufupisha mkono kutoka mita 1.5 hadi mita 1.2 na kuiacha mizunguko kwa dakika ilivyo, ncha husafiri polepole zaidi na wakati huohuo wenzo unaoivuta mota huwa mfupi. Mambo hayo mawili yakizidishana katika upepo wa kiasi tulichokitaja, mzigo kwenye shafti hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Hakuna rekebisho jingine linaloleta nafuu kubwa kiasi hicho kwa msumeno wa chuma na dakika chache, na bado njiwa wanazunguka duara la karibu mita 2.4 kutoka ncha hadi ncha, ambalo linatosha kabisa kuonekana kutoka mbali.

Kushusha mashine nako husaidia. Upepo huzuiwa na ardhi na mimea, kwa hiyo kasi yake hupungua kadiri unavyokaribia chini. Juu ya mimea mifupi, kushuka kutoka mita 2 hadi mita 1 hupunguza kasi ya upepo kwa takriban sehemu moja ya sita, na kwa sababu ya ule mraba nguvu yake hupungua kwa karibu asilimia 30. Sharti ni kwamba ncha za mikono zisiguse mimea mkono unapoinama, kwani njiwa anayekwaruza majani kila anapopita hufanya mashine ikwame kwa sababu nyingine kabisa.

Mwendo wa vishindo, pamoja na mlio wa gia

Hapa mashine haikwami, bali huenda kwa kusitasita, na kutoka kwenye giaboksi husikika mlio wa kugonga mara moja au mbili katika kila mzunguko. Ukiushika mkono wakati mashine imezimwa na kuusukuma mbele na nyuma kidogo, utahisi mchezo, yaani nafasi tupu ambayo mkono unatembea kabla gia hazijashikana.

Mchezo kidogo ni wa kawaida katika gia zote. Kinachoufanya ugonge ni mzigo unaogeuka: mota inausukuma mkono, kisha mahali fulani pa duara upepo unaushika mkono na kuuharakisha kupita mwendo wa mota, meno ya gia yanaachana, na baadaye yanagongana tena upande wa pili. Mikono miwili yenye njiwa wanaolingana haifiki hapo kwa urahisi, kwa sababu kizuizi cha anayekabili upepo hushinda msukumo wa anayekwenda nao. Mzigo hugeuka zaidi pale mikono isipolingana.

Watu wengi hulinganisha uzito na kudhani wamemaliza. Njiwa halisi akiwekwa upande mmoja na wa plastiki mwenye kipande cha madini ya risasi tumboni upande wa pili, mizani itasema ni sawa, lakini upepo haupimi uzito, bali unapima eneo na umbo. Mpangilio mbaya kuliko wote ni wa njiwa mmoja tu kwenye mkono mmoja, na jiwe au kipande cha chuma kwenye mkono wa pili kama kisawazishi. Nguzo haitatikisika siku ya utulivu, lakini siku ya upepo mashine nzima hugeuka kuwa kielekezi cha upepo: mkono wenye njiwa hutaka kulala demani na kubaki huko, na mota hulazimika kuung'oa kutoka huko katika kila mzunguko.

Namna ya kulithibitisha ni nzuri, na inafaa ifanywe hata kama hakuna dalili yoyote. Legeza skrubu inayobana kitovu kwenye shafti ili mikono izunguke bila kushikwa na gia, hakikisha nguzo imesimama wima, kisha rudi nyuma hatua chache na utazame upepo ukiizungusha. Mikono ikisimama popote bila mpangilio, eneo la pande mbili linalingana. Mkono mmoja ukirudi demani kila mara, huo ndio unaobeba eneo kubwa zaidi. Punguza ukunjuaji wa mabawa ya njiwa wa mkono huo, kwa kuyarudisha nyuma kidogo, hadi upendeleo huo utoweke, ndipo ukaze tena skrubu. Kwa vyovyote, weka njiwa wa aina moja pande zote mbili, na upime umbali kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa kwa kijiti kimoja.

Aina ya gia nayo ina maana. Mota za waipa za magari, ambazo mafundi wengi huzitumia kuunda mashine hizi, zina shafti yenye uzi wa skrubu inayosukuma gurudumu la meno, na muundo huo kwa kawaida haukubali kuzungushwa kutoka upande wa mikono, kwa hiyo upepo hauwezi kuukimbiza mkono mbele ya mota. Giaboksi za magurudumu ya meno ya kawaida hukubali, na zikiwa na meno ya plastiki huvunjika mapema. Kwa hizo, ni busara kuweka kiungo cha mpira mgumu kati ya shafti na kitovu ili kimeze mshtuko, na kuweka beringi ya pekee inayobeba uzito wa mikono, kwa sababu shafti ya mota ndogo haikuundwa ivutwe kando. Skrubu ya kitovu iketi juu ya sehemu bapa iliyochongwa kwenye shafti, wala si juu ya mviringo wake, la sivyo itaanza kuteleza.

Mikono inapanda na kushuka, na njiwa wanapinduka

Chini ya dalili hii moja kuna visababishi viwili vinavyofanana kwa macho, na marekebisho yake hayafanani. Cha kwanza ni upepo kuyainua mabawa. Cha pili ni mkono wenyewe kudunda kwa mdundo wake wa asili. Tofauti hujulikana kwa kubadilisha kasi kidogo. Ikiwa mkono unapanda palepale pa duara kwa kila kasi, ni mabawa. Ikiwa kupanda na kushuka kunakua katika kasi fulani na kunapungua ukiongeza au kupunguza mwendo kidogo, ni mdundo wa mkono.

Tuanze na mabawa. Njiwa mkubwa wa msituni wa Ulaya, anayewindwa kwa mashine hizi mashambani huko, ana uzito wa karibu gramu 500, na mabawa yake yakikunjuliwa ni eneo pana kuliko watu wanavyodhani. Mabawa hayo yakikabili hewa ya mita 9 kwa sekunde huku kichwa kimeinuka, yanaweza kuinuliwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa njiwa mwenyewe. Njiwa mwepesi wa plastiki, mwenye uzito wa sehemu ndogo tu ya huo, huruka juu kabisa. Nusu duara baadaye nguvu hiyo imetoweka, na njiwa huanguka. Huko ndiko kupanda na kushuka unakokuona.

Mtazame njiwa mmoja kwa karibu katika mzunguko mzima, mashine ikienda polepole nawe ukiwa nje ya duara. Anapoelekea joshini, manyoya ya kifua hulala, ukingo wa mbele wa mabawa huanza kutetemeka, na mdomo huinuka. Anapovuka na kuanza kwenda demani, upepo humfikia kutoka nyuma kwa sababu unakwenda kasi kuliko yeye: manyoya ya mkia husimama, mabawa husukumwa mbele, na mwili wote huvutwa ugeuke ili mdomo urudi kuukabili upepo. Akiwa ameshikwa na waya mmoja tu, hapo ndipo anapopinduka.

Rekebisho la kwanza ni kuinamisha kichwa kwa nyuzi chache, kiasi cha kuonekana kidogo tu kwa jicho, ili mabawa yasiwe na pembe ya kuinuka anapokabili upepo. La pili ni kumshika kwa sehemu mbili zilizoachana, moja karibu na kifua na nyingine karibu na mkia, badala ya moja katikati ya tumbo. La tatu ni kuyashikilia mabawa kwa waya mgumu unaopita chini yake hadi karibu na ncha, na kuyafunga manyoya ya mkia pamoja kwa uzi mwembamba. La nne, ambalo binafsi naliona bora kuliko yote, ni kuyakunja mabawa nusu. Ndege hai anayekwenda kwa kasi ndani ya upepo hayakunjui mabawa yake yote. Huyarudisha nyuma, na umbo lake huwa jembamba. Njiwa wa chambo mwenye mabawa nusu kwa hiyo hupunguza mzigo na wakati huohuo hufanana zaidi na njiwa halisi wa siku ya upepo, faida mbili kwa kazi moja. Wapo wanaopenda kumwacha njiwa azunguke huru kwenye ncha ili daima aukabili upepo, lakini njiwa anayerudi nyuma kinyumenyume katika nusu ya duara hamdanganyi ndege yeyote.

Kisababishi cha pili ni ulaini wa mkono. Fimbo ya faibaglasi au ya chuma cha springi yenye uzito kwenye ncha hudunda kwa mwendo wake yenyewe, na mzigo wa upepo unaokuja mara moja katika kila mzunguko, pamoja na kutikisika kwa nguzo, ukikaribiana na mdundo huo, kila mzunguko huongeza kimo cha mdundo uliotangulia. Badilisha kasi kwanza. Ikiwa kasi hiyo mpya haikufai, fupisha mkono, maana ugumu wa fimbo huongezeka haraka kadiri inavyofupika: kuipunguza urefu kwa moja ya tano hukaribia kuuzidisha ugumu wake mara 2. Bomba jembamba la alumini likivishwa juu ya nusu ya ndani ya fimbo hufanya kazi hiyohiyo bila kupunguza duara. Usiongeze uzito kwenye ncha ili kutuliza mdundo, kwani utaulegeza mkono zaidi. Uzito wa njiwa mzito una faida yake kwingine: huhifadhi mwendo na kumsaidia kuvuka sehemu ngumu ya duara, na ndiyo sababu njiwa halisi huzunguka kwa ulaini kuliko ganda tupu la plastiki.

Nguzo inayumba au inalala

Nguzo iliyochomekwa kwa mguu mmoja husukumwa upande mmoja na upepo huku ikitikiswa mara mbili katika kila mzunguko na mzigo wa mikono. Kutikiswa huko hupanua tundu la udongo kuanzia juu, hadi tundu linakuwa na umbo la faneli, na hapo nguzo huinama demani. Ikishainama, duara la mikono nalo huinama, njiwa wa upande mmoja hupita juu mno na wa upande mwingine hukwaruza mimea.

Msingi wenye miguu miwili au mitatu ya kuchomeka hushinda mguu mmoja mrefu katika udongo laini, kwa sababu hauzunguki ndani ya tundu lake. Kamba tatu zilizofungwa kwenye pete katikati ya nguzo na kukazwa kwa vigingi vilivyopigwa kwa pembe hutosha kwa upepo wa kawaida. Kigingi kimoja kielekee joshini moja kwa moja, kwa kuwa kamba hiyo ndiyo itakayobeba kazi kubwa. Pete iwe chini vya kutosha kiasi kwamba mikono ikiinama na dharuba haigusi kamba. Betri, ambayo mara nyingi huachwa majanini, inafaa kufungwa kwenye mguu wa msingi, uzito wake ukiwa chini kabisa. Udongo ukiwa na mchanga au umelowa sana, ongeza idadi ya vigingi badala ya kuongeza urefu wa nguzo.

Mashine inazimika ghafla, au betri inaisha mapema

Mota ya aina hii huvuta umeme kulingana na mzigo. Mzigo wa wastani ukiwa mara 3, umeme unaovutwa nao hupanda kwa kiwango kinachokaribia hicho, na betri iliyokuwa ikimaliza siku nzima huchoka kabla ya adhuhuri. Pasipo hitilafu yoyote, basi, muda wa betri utapungua siku ya upepo, na nafuu ya kweli ni yale marekebisho ya mzigo yaliyokwisha kuelezwa.

Hitilafu ikiwapo, itafute kwa kipimo cha volti wakati mikono inazunguka na njiwa wako juu yake, si wakati mashine imepumzika. Betri ya risasi na asidi iliyojaa husoma karibu volti 12.7 ikiwa imetulia, na ikifika 12.2 imebakiwa na nusu hivi ya akiba, kiwango ambacho si vizuri kuiteremsha chini yake mara kwa mara. Pima kwenye vichwa vya betri, kisha mara moja kwenye vichwa vya mota, kidhibiti kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani: waya mwembamba mno, klipu zenye kutu, au kiungo kilichokazwa kwa vidole. Katika hewa tulivu upotevu huo hausikiki, lakini mzigo unapoongezeka hupanda pamoja na umeme unaovutwa, yaani unakuwa mkubwa saa ileile mota inapohitaji nguvu.

Kuzima ghafla na kuwaka tena bila kuguswa ni dalili ya kinga. Betri za lithiamu zina saketi inayokata umeme mota inapokwama na kuvuta kuliko kiwango kilichowekwa, na vidhibiti vingine hufanya vivyo hivyo vikipata joto. Usiipite kinga hiyo, wala usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyopendekezwa, kwa sababu mota iliyokwama bila kinga huunguza nyaya zake za ndani.

Mashine inazunguka vizuri, lakini njiwa wanakengeuka

Dalili hii inahitaji subira kuliko zote, kwani hakuna sehemu ya mashine iliyoharibika. Anza na kasi. Katika upepo watu huongeza mwendo ili mikono isikwame, na matokeo yake ni njiwa wawili wanaokimbizana kwenye duara kwa haraka isiyo na mfano porini. Mashine ikisharekebishwa isikwame, irudishe polepole. Kidhibiti chenye uwezo wa kusimamisha mikono kwa vipindi husaidia, mradi mikono isimame kwa upole, na hapa ule mpangilio wa njiwa wanaolingana huzuia upepo kuisukuma mikono hadi mahali pamoja kila inaposimama.

La pili ni mahali. Njiwa hutua wakiukabili upepo, kwa hiyo huja kutoka demani wakielekea joshini. Mashine ikiwekwa katikati ya njia hiyo huwa kizuizi mbele ya nyuso zao wakati ambapo wanatafuta nafasi ya kushuka. Iweke kwenye ukingo wa joshini wa mpangilio wa njiwa wengine wa chambo, au pembeni yake, na uache uwanja mtupu demani ambamo ndege anaweza kutua. Wale wa chambo waliosimama ardhini wengi wao waelekee upepo, kwa kuwa ndege wa kweli hawapendi manyoya yao yafunuliwe kutoka nyuma. Upepo ukigeuka mchana, mpangilio wote uhamishwe. Mara nyingi mashine hulaumiwa kwa kosa la upepo uliogeuka bila mtu kulitambua.

La tatu ni mwelekeo wa mzunguko, jambo ambalo hupuuzwa mno. Upande mmoja wa duara njiwa wa chambo anakwenda kuukabili upepo, kama ndege anayejiandaa kutua, na upande mwingine anakimbia nao. Upande ulio karibu na uwanja wa kutua unapaswa kuwa ule wa kwanza. Kuubadilisha mzunguko ni kubadilishana waya mbili za mota, lakini fanya hivyo kati ya kidhibiti na mota, si kati ya betri na kidhibiti, ambacho kinaweza kuungua. Baada ya hapo chunguza nati ya kitovu na mikono iliyoingizwa kwa uzi wa skrubu, kwa sababu uzi uliokuwa ukikazwa na mwendo wa awali sasa unaweza kulegezwa nao. Nati yenye mpira wa kubana ndani huondoa wasiwasi huo.

La nne ni msukosuko wa hewa. Nyuma ya ua wa miti wenye matundu yanayopitisha hewa, upepo hupungua kwa umbali wa takriban mara 10 ya kimo cha ua, na mashine hufaidika. Nyuma ya ukuta mzima au rundo la majani makavu, hewa hupanda na kuanguka kwa mizunguko isiyotabirika, na huko njiwa wa chambo huyumba hata kama wamefungwa kwa ustadi wote. Kati ya kujificha nyuma ya ukuta na kukaa kwenye uwanja wazi wenye upepo sawasawa, uwanja wazi ni bora.

Upepo unapozidi uwezo wa marekebisho

Upepo wa mita 8 kwa sekunde na zaidi, ambao hutambulikana kwa miti midogo yenye majani kuanza kuyumba yote, hukaribia mpaka wa kile ambacho mikono mirefu inaweza kubeba kwa sura inayoaminika. Wakati huo ni afadhali kuondoa mikono kabisa kuliko kuilazimisha, na kuwahamishia njiwa wawili wale kwenye fimbo nyembamba zinazonesa, zilizochomekwa ardhini kwa pembe kidogo kuelekea joshini, vichwa vikiukabili upepo na mabawa yakiwa nusu. Fimbo hizo huinama na kuinuka kwa kila dharuba bila betri, na mwendo wake unafanana na wa njiwa anayesita kabla ya kugusa ardhi. Ziachie nafasi ya hatua kadhaa kati yake ili mabawa yasigusane, na uwafunge njiwa kwa waya ule wa sehemu mbili. Nguzo na mota vinaweza kubaki palepale, waya wa betri ukiwa umeondolewa na kitovu kimefunikwa dhidi ya mvua, ili mikono irudishwe upepo ukishuka.